Mwalimu wa Kung Fu Anayegomba Kama Shemeji

Chinnamanur, 9 Machi 1999

Mdogo wangu Maruthaiyan,

Nimechora alama ya mungu Pilleyar juu ya karatasi kama mama alivyotufundisha, kwa hiyo usije ukasema barua yangu imeanza vibaya. Sisi wazima. Mpunga umevunwa, maji ya mfereji yamefungwa, na vumbi linatuingia hadi kwenye sufuria. Mullai ana meno yote na mdomo wote. Juzi alimwambia mwenye duka la mafuta kwamba mizani yake inadanganya, na kweli ilikuwa inadanganya. Tabia hiyo haikutoka upande wa baba yake. Wewe je, unakula? Usinijibu kwamba unakula vizuri. Niandikie unakula nini, nitapima mwenyewe.

Shemeji yako naye mzima. Anagomba asubuhi, anagomba mchana, na jioni anasimama mlangoni mwa ukumbi wetu wa sinema amekunja msuli hadi magotini, anawagombeza waliokuja kwa nini wamechelewa na wasiokuja kwa nini hawakuja. Hao wa pili ndio wengi siku hizi, maana kila nyumba imevuta waya wa televisheni. Filamu kubwa za Chennai zinatufikia zimeshachakaa, na mji mzima ulishakwenda kuziona Theni. Lakini usinihurumie. Tangu mwaka jana nakwenda Madurai mwenyewe kuchagua filamu, na dawa nimeipata: hizi za ngumi na vichekesho za Hong Kong mnazozitia sauti za Kitamil huko kwenu. Nikileta moja, wanawake wanatoka shambani na matope miguuni wanaingia moja kwa moja. Haina nyimbo nane wala kilio cha mama mkwe. Inakwisha mapema, wanawahi kupika. Yule bibi muuza asumini aliniuliza hao Wachina kijiji chao kiko upande gani wa Cumbum, maana wanasema kama watu wa kule.

Sasa jambo lenyewe. Mullai anatimiza miaka mitatu. Tutamnyoa na kumtoga masikio mwezi wetu wa Aavani, mwishoni mwa Agosti, katika hekalu la mungu wa ukoo wa baba yake. Unajua sonara hamtogi mtoto aliyekaa mkekani. Mtoto anapakatwa na mjomba wake, na mimi sina baba, sina mama, nina ndugu mmoja tu wa kiume, na ndiye wewe. Mtoto huyu nimemsubiri miaka kumi na miwili na hujamwona hata siku moja. Asipopakatwa na mtu wa damu yangu, ukoo mzima wa mume wangu utaona kwamba mimi ni mwanamke asiye na kwao. Hilo sitalikubali.

Najua shemeji yako alikwambia nini siku ulipoondoka, na najua ulimjibu nini. Nilikuwa nimesimama katikati yenu na ndoo ya maji mkononi, na nilijuta baadaye kwa nini sikuwamwagia wote wawili. Miaka minne inatosha. Njoo umpakate mtoto wangu.

Dada yako,
Sornavalli


Vadapalani, Chennai, 2 Aprili 1999

Dada yangu Sornavalli,

Shikamoo nyingi, na busu la Mullai lipeleke bila kulipunguza. Asubuhi nakula idli za mchele. Mchana nakula wali kwa mama mmoja wa Tirunelveli anayeniwekea samaki bila kuniuliza. Jioni ni chapati za parota na mchuzi wa mbuzi pale njia panda. Haya, pima.

Umenichekesha na bibi wa asumini. Mwambie hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa. Bila kujisifu, ila hapana, ngoja nijisifu, wewe si dada yangu? Kazi hii hapa mjini hakuna anayeiweza kama mimi. Filamu inakuja na maneno ya Kichina yaliyogeuzwa Kiingereza na mtu asiyejali. Mimi maneno yale nayaweka kando. Naitazama filamu bila sauti, tena na tena, najiuliza: huyu angekuwa mtu wa kwetu, hapa angesema nini? Mchina akifunga mdomo, na neno langu lifunge. Likizidi kidogo, hakuna anayenishitaki. Nikimaliza nachukua karatasi zangu nakwenda kwenye kibanda cha chai kuwasomea madereva wa bajaji. Wakiendelea kunywa chai, nachana. Wakisahau chai, naacha.

Unajua kwa nini watu wetu wanazipenda? Shujaa wa Kitamil hapigwi. Anaingia na upepo kwenye nywele, watu hamsini chini. Tunampigia makofi, lakini nani kati yetu yuko hivyo? Huyu wa Hong Kong anapigwa kwa benchi, kwa ngazi, kwa samaki mzima. Anakimbia, analia, anaiba andazi, anarudi kupigwa tena. Na mwalimu wake anamtesa mpaka unamwonea huruma. Mvuna mpunga akitazama anasema, huyu ni mimi na yule ni mwenye shamba. Halafu mwisho anashinda. Nani asiyetaka kuliona hilo?

Sasa hivi nimemaliza moja. Mzee mmoja ana kibanda cha tambi na anafundisha kung fu, na amemlea kijana yatima, mbishi kupindukia. Mzee Devasagayam mwenye studio anasema sijawahi kuandika kitu kama hiki. Imeshanunuliwa kwa Salem, Vellore na Coimbatore. Eneo lenu la Madurai hakuna aliyeitaka, na mimi nimeona afadhali. Usiniulize kwa nini.

Kuhusu Mullai. Dada, shemeji Sonaimuthu aliniambia mbele yako: "Ukienda kuwabwekea Wachina, usikanyage hapa mpaka nikuite." Nikamjibu sitakanyaga mpaka aniite kwa kinywa chake. Hajaniita. Desturi ni yetu sote, wala si yangu peke yangu: baba wa mtoto anamwendea mjomba wa mtoto na sinia la tambuu, popoo na manjano, anamwalika ana kwa ana. Simdai zaidi ya anachodaiwa baba yeyote. Akija, nitakuja. Asipokuja, mimi si mbwa wa kujileta mwenyewe.

Usikasirike. Kasirika kidogo tu.

Mdogo wako,
Maruthaiyan


Chinnamanur, 18 Mei 1999

Wewe Maruthaiyan,

Sisi wazima, joto kali, embe tele, Mullai ana vipele vya joto mgongoni lakini havimzuii kitu. Salamu zimekwisha.

Umefanya nini wewe mtoto?

Nilikwenda Madurai mwezi uliopita. Wakala wangu wa filamu akaniambia kuna filamu mpya ya ngumi, eneo letu limechelewa kununua lakini sasa limenunua, Salem imejaza ukumbi wiki nzima. Nikaichukua. Sikuitazama, nani ana muda? Nikaona kwenye bango mzee mwenye ndevu na kijana amening'inia kichwa chini juu ya sufuria ya tambi. Nikasema hii watu wataipenda.

Onyesho la kwanza, ukumbi umejaa. Nimekaa upande wa wanawake, shemeji yako amesimama nyuma karibu na mlango kama kawaida yake. Mzee wa kwenye filamu anatokea. Kijana amechelewa kurudi. Mzee anafungua mdomo: "Nimekuuliza? Si sijakuuliza? Sasa unajibu nini?" Nikadhani masikio yangu yamechoka. Akaendelea: "Akili uliiacha kwa nani, ukaichukue kabla hawajafunga." Dada wa mwenye kinu aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama. Halafu kijana anataka kujitetea, na mzee anamsukumia bakuli la tambi: "Kula kwanza. Nitakugombeza ukiwa umeshiba."

Maruthaiyan, ukumbi mzima uligeuka. Watu waliacha kutazama skrini, wakamtazama mume wangu. Mtu mmoja wa viti vya mbele akapaza sauti, "Sonaimuthu, ulikwenda Hong Kong lini?" Watu walicheka mpaka bibi wa asumini akamwaga kikapu. Kila mtu katika mji huu amewahi kugombezwa kwa maneno hayo. Hata anavyokunja msuli kabla hajaanza, yule Mchina anakunja kanzu yake vilevile. Hiyo hukuitia wewe, najua, lakini nani ataamini?

Shemeji yako hakumgombeza hata mmoja. Alisimama palepale mpaka mwisho. Alirudi nyumbani, akala, akaomba mchuzi mara ya pili, akalala. Mtu anayegomba kutwa akinyamaza, nyumba inatisha. Nilikuwa nimeanza kumlainisha, unaelewa? Nilikuwa nimefika mahali anakubali kulitaja jina lako. Sasa umemfanya kichekesho kwenye ukumbi wake mwenyewe, na mimi ndiye niliyekileta na kukibandikia bango.

Nijibu haraka. Na usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


Vadapalani, 24 Mei 1999

Dada,

Nakujibu siku ileile barua ilipofika. Vipele vya Mullai vipake maji ya mwarobaini.

Naapa nilijua eneo la Madurai halijauzwa. Nilimwuliza mzee Devasagayam mara mbili. Nilifikiri Salem wacheke, Vellore wacheke, hakuna anayemjua, hakuna anayeumia. Sisi watu wa kazi hii tunahesabu dunia kwa maeneo ya wakala, na tukishaambiwa eneo halijauzwa tunajiona tuko salama kusema lolote. Kumbe linauzwa wakati wowote, hata baada ya chai.

Umesema nisijibu kwa mzaha, basi sikiliza. Katika ile filamu ya Kichina, yule mzee ananukuu mashairi ya kale. Kila akifungua mdomo ni mto, mlima na mwezi. Ningeyaacha yale, watu wangelala. Nilitaka mtu anayegomba kwa sababu anapenda, na hajui njia nyingine. Nilikaa na karatasi tupu siku kadhaa. Halafu nikafumba macho nikamsikia yeye. Ikaja yote, ukurasa kwa ukurasa, sikufuta hata neno. Sikumfanya kichekesho. Watu wanamcheka yule mzee dakika kumi za kwanza tu. Baada ya hapo wanataka awe baba yao. Hapa Chennai nimewaona kwa macho yangu.

Lakini haya usimwambie. Ukimwambia atadhani naomba msamaha, na mimi siombi.

Sasa hatakuja na sinia lolote, hilo naliona. Basi mtoto apakatwe na mwana wa mama mdogo, Pandi wa Uthamapalayam. Yeye pia ni damu yako. Desturi inaruhusu mjomba asipokuwepo.

Maruthaiyan


Chinnamanur, 11 Julai 1999

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako muda mrefu makusudi, ili nipoe. Sijapoa. Mvua za magharibi zimeanza, mfereji umefunguliwa, watu wanapandikiza mpunga, Mullai amejifunza kuhesabu na anahesabu kila kitu hadi jirani amekohoa mara ngapi. Sisi wazima.

Kwanza Pandi. Mtoto wangu apakatwe na Pandi, ambaye kwenye harusi ya dada yake alilala kwenye rundo la majani ya migomba wakamtafuta hadi mabibi wakaanza kulia? Mjomba asipokuwepo, umesema. Desturi inazungumzia mjomba aliyekufa. Wewe umekufa? Kama umekufa nitumie habari, nitavaa nguo za msiba. Kama uko hai na unakula parota njia panda, usinitajie Pandi tena.

Pili, filamu. Hatujaitoa. Wiki ya kwanza ilipokwisha nilitaka kuirudisha ili amani irudi, shemeji yako akasema, "Nani kakwambia? Inaendelea." Watu wanatoka Cumbum, wanatoka Bodi, wanakuja kutazama filamu wakishamaliza wanatoka nje kumtazama mwenyewe. Watoto wakikutana naye sokoni wanaweka ngumi kwenye kiganja na kuinama: "Mwalimu." Anawafukuza. Lakini nimemwona, akiwafukuza anakunja msuli kwanza, taratibu, wapate kuona vizuri. Juzi alimwambia fundi wa mashine, "Pale kwenye tukio la sokoni huyu mtoto wetu wa Chennai angeniongezea maneno, pamepwaya." Amesema angeniongezea. Nilisikia kwa masikio yangu.

Kuna kitu kimoja sikielewi, na nataka unieleze. Pale kijana anapoangushwa na wale majambazi, mkono unavunjika, na mwalimu anamkanda usiku huku anamtukana. Watu wanacheka matusi. Kisha mwalimu anasema kwa sauti ndogo, "Lia tu. Hapa hakuna wa kukuona ila mimi." Ikifika hapo shemeji yako anatoka. Tangu siku ya pili, kila onyesho. Anakwenda kusimama kule kwenye baiskeli mpaka tukio liishe, kisha anarudi. Nilimwuliza kuna nini, akasema kuna joto. Mwezi huu wa mvua, joto. Kuna nini pale, Maruthaiyan?

Tatu, nimechapisha kadi. Alhamisi ya pili ya Aavani. Jina lako liko juu, mahali pa mjomba, kwa herufi nene: kwenye paja la mjomba wake Maruthaiyan, mwandishi wa filamu, Chennai. Sikukuuliza wala sikumwuliza mume wangu. Wifi zangu waliuliza nani atampakata mtoto, wakitabasamu unajua vile. Nikawapa kadi. Shemeji yako aliichukua moja, akaisoma amesimama, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati.

Mimi nimemaliza kazi yangu. Sasa ninyi wanaume wawili mnaojiona, ama mje, ama mniaibishe mbele ya mungu wa ukoo.

Sornavalli


Vadapalani, 20 Julai 1999

Dada,

Niko mzima, nafanya kazi sana. Ile filamu imezaa mtoto: wameleta nyingine yenye mzee yuleyule, na mzee Devasagayam anataka agombe kuliko mara ya kwanza.

Uliloniuliza kuhusu tukio la mkono, mwulize mwenyewe. Si langu la kusema.

Kadi umenifunga kamba, na unajua. Lakini jina kwenye karatasi si kinywa cha mtu. Nimemsubiri shemeji miaka minne, dada. Nilipofika kwako nilikuwa na miaka kumi na moja, sina shati. Yeye hakulazimika kunichukua. Angenipiga, ningekubali. Aliniambia nabweka. Nilikuwa na furaha kubwa siku ile, nimepata kazi, nilikimbia kutoka kituo cha basi kuja kumwambia yeye kwanza, kabla yako. Akasema nabweka. Siwezi kuja kwa sababu ya kadi.

Nampenda Mullai bila kumwona. Mwambie hivyo.

Maruthaiyan


Ndani ya treni ya mchana, baada ya Villupuram, 24 Agosti 1999

Dada yangu,

Mwandiko unaruka kwa sababu ya treni. Barua hii nitaitia sandukuni Tiruchi, na itakufikia baada yetu. Naiandika hata hivyo, maana yaliyomo siwezi kuyasema mbele ya shemeji, na yeye atahakikisha hatubaki peke yetu, mimi na wewe, hata dakika moja.

Hukuniambia kwamba anakuja. Hata hivyo nadhani hukujua. Alikuambia anakwenda Theni kununua mkanda wa mashine, sivyo?

Jana tulikuwa tunatia sauti. Chumba chetu hakina feni kwa sababu ya kelele, tumevua mashati wote, taa nyekundu ya kurekodi inawaka. Kandeepan ndiye anayemsemea yule mzee. Ana tumbo, ana sauti nzuri, na kwa miezi yote hii nimekuwa nikimfundisha: gomba hivi, meza mate hapa, nyanyua neno hili. Hajawahi kumwona mtu ninayemtaja. Amefika kwenye "Nimekuuliza?" kwa mara ya nne hivi, mzee Devasagayam hajaridhika, mimi sijaridhika. Ikatoka sauti pembeni ya mlango:

"Siyo hivyo."

Wote tuligeuka. Shemeji amesimama pale na sinia mikononi, limefunikwa kitambaa. Mlinzi alimruhusu akidhani amekuja kufanya ibada ya kuzibariki mashine. Nywele zimeota mvi, dada. Hukuniandikia hilo.

Mzee Devasagayam akasema, "Wewe nani? Tumewasha taa nyekundu, huoni?"

"Nimeiona. Huyu bwana anakosea. Anamaliza pumzi yote mwishoni. Mtu anayegomba hamalizi pumzi, anabakiza, maana anajua atagomba tena. Hebu rudia." Akaweka sinia juu ya meza ya mashine, akakunja msuli.

Kandeepan alimtazama yule mtu, akanitazama mimi, akatazama tena ule msuli. Kisha akaweka ngumi kwenye kiganja akainama mpaka kiunoni. "Mwalimu," akasema. "Kumbe upo." Hakuwa anatania, dada. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Alirudia, akabakiza pumzi, ikawa sawa. Shemeji yako alikaa mpaka tukamaliza kipande chote. Alimrekebisha Kandeepan, akamrekebisha mpiga mashine, akamwambia mzee Devasagayam kwamba chai yao ni maji ya kuoshea vikombe. Mimi hakunitazama hata kidogo. Nilikuwa nimesimama nimeshika karatasi zangu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

Taa ilipozimwa alichukua sinia. Akafunua kitambaa. Tambuu, popoo, manjano, nazi, ndizi, na kadi yako imekunjwa pembe nne. Akaja mpaka mbele yangu, mbele ya watu wote, akasema, "Mwanangu anatogwa masikio Alhamisi. Mjomba wake anaalikwa." Alisema kama anavyopaswa baba yeyote kusema, neno kwa neno. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na maneno ya miaka minne, niliyaandaa vizuri sana, unajua mimi ni mwandishi. Nikayaacha, nikamwuliza kama amekunywa chai.

Tulitoka nje kunywa chai kwenye kibanda changu. Alikunywa nusu glasi ndipo akasema. Naandika maneno yake kama yalivyo:

"Nilikwambia hapa hakuna wa kukuona ila mimi. Ukaenda kuwaonyesha watu wa Tamil Nadu nzima."

Sasa nakueleza ulichoniuliza. Unaikumbuka ile mara nilipoanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe la kutangazia filamu, mwaka ule wa kwanza kwenu? Mliambiwa mkono umeteguka tu. Ulivunjika. Alinibeba mgongoni hadi kwa mwunga mifupa wa Uthamapalayam, akinitukana njia nzima. Mfupa ulipovutwa nilikuwa nimeuma shati lake nisilie, kwa sababu tangu mama afe nilikuwa nimeapa sitalia mbele ya mtu. Akainama akanisemea lile neno sikioni. Nikalia mpaka nikalala. Kisha akaniahidi hatakwambia, ili usije ukajilaumu kwamba uliniacha nipande gari. Hajakwambia. Miaka kumi na tano, na mdomo wote ule.

Nilimjibu, "Shemeji, sikuonyesha watu. Nilikuonyesha wewe. Nilifikiri eneo la Madurai halijauzwa, lakini labda nilitumaini litauzwa." Haya sikuwa nimeyajua mpaka nilipoyasema.

Akamaliza chai. "Bado ni kubweka," akasema. "Ila unabweka vizuri." Kisha akamgombeza mwenye kibanda kwa ajili ya sukari.

Mzee Devasagayam amenipa ruhusa ya wiki mbili, na amemwomba shemeji arudi kumfundisha Kandeepan kwenye filamu ya tatu. Shemeji akasema atafikiria. Tangu tulipoondoka kituoni anafikiria kwa sauti, behewa zima linajua sasa anavyofikiria. Kuna mama mmoja mbele yetu aliyeshuka Villupuram akiniambia nimevumilia sana. Nikamwambia ni shemeji yangu.

Sasa amelala. Alianza na kichwa begani kwangu, treni ikayumba, kikateleza, na mdomo uko wazi. Siwezi kunyoosha mguu, umekufa ganzi tangu nilipoanza ukurasa huu, na sitamwamsha. Mwambie Mullai asiwe na haraka. Paja la mjomba wake kwa sasa lina mtu.

Ndugu yako,
Maruthaiyan